Ngazi, Mamba na Wanasheria Wabichi

Jumatano, 4 Machi

Nimetoka kazini saa mbili kabla ya wakati. Msimamizi wa kufulia amenuna kama nimemwomba figo. Hospitali nzima inalalia shuka ninazopiga pasi mimi, lakini nikiomba saa mbili tu, nimekuwa mtoro.

Nimekwenda chuo kikuu, kitivo cha sheria, chumba cha chini kabisa, jirani na stoo ya mifagio. Humo ndimo wanafunzi wa sheria wanawasaidia wageni mambo ya uhamiaji. Bure! Na bure yao inaonekana. Viti vitatu, kimoja kibovu. Nilipewa kibovu.

Nimegawiwa wanafunzi wawili. Msichana mwenye miwani mikubwa, anaandika hata nikikohoa. Huyo nimemwita Miwani. Na kijana mrefu anayetaja mikataba ya kimataifa kwa namba, kifungu hiki, ibara ile, bila kupumua. Huyo nimemwita Mkataba. Ukijumlisha umri wao hawanifikii.

Miwani akasema, "Baba, tueleze tu ilivyokuwa." Baba! Nina mvi saba tu.

Nikaeleza. Wakala aliniahidi udereva, nikashushwa kwenye kiwanda cha matofali. Tajiri akachukua pasipoti yangu eti anaihifadhi, akaifungia kwenye kasha la chuma. Miezi kumi na minne! Geti kufuli, mshahara hadithi. Kisha nikatoroka. Wakauliza nilitorokaje. Nikasema nilichukua ngazi, nikaiweka begani, nikatoka mchana kweupe. Mlinzi hamsimamishi mtu aliyebeba ngazi. Tena alinifungulia geti mwenyewe, akaniambia niangalie waya za umeme.

Mkataba akacheka mpaka tai ikalegea. Miwani akamkanyaga mguu.

Wanasema kesi ni nzuri, ni kazi ya kulazimishwa. Tatizo ni tajiri: ameandika barua kwamba hanijui, hajawahi kuniona machoni pake. Afisa wa uhamiaji atanihoji Alhamisi, tarehe mbili Aprili. Akiniamini, nitapata kibali cha kuishi, na mke wangu na watoto wataweza kunifuata. Asiponiamini, napandishwa ndege. Miaka minne sijawaona. Mtoto wa mwisho alizaliwa nimeshaondoka.

Alhamisi, 5 Machi

Nimemsimulia Fundi Rangi, ninayeishi naye chumba kimoja. Kosa kubwa. Yeye alipata kibali mwaka jana. Amekitia kwenye fremu, akakitundika juu ya kitanda changu, eti ukuta wa upande wake una unyevu.

Akacheka mpaka akalala chali. "Ngazi? Bwana wee! Unakwenda mbele ya mtu wa serikali na ngazi? Atakuuliza umekuja kubadilisha balbu!" Akasema watu wa haki za binadamu wanataka damu, mto na mnyama mkali. Akanihurumia. Sipendi kuhurumiwa na mtu anayekausha soksi juu ya jiko.

Lakini mchana kutwa, huku nalisha shuka kwenye mashine ya pasi, nimetafakari. Katika kisa changu mimi ni nani? Mtu aliyedanganywa na wakala, akafungiwa na tajiri, akatoka na ngazi. Zuzu mtupu! Serikali gani inatafuta mazuzu zaidi?

Nimetunga kisa kipya. Mimi ni kiongozi wa wafanyakazi. Nimehutubia maelfu. Jeshi limeniwinda wiki tatu. Nimevuka mto wenye mamba, bendera ya chama nimeiuma kwa meno. Bendera nimeipenda sana.

Jumatano, 11 Machi

Leo mahojiano ya mazoezi. Mkataba alijifanya afisa, akakunja uso kama mtu mwenye kiungulia. Nikawaachia kisa kipya chote. Nilipofika katikati ya mto, Miwani aliacha kuandika. Mara ya kwanza tangu tujuane.

Akapekua faili. Akauliza kwa adabu, "Baba, hawa mamba wametoka wapi?" Nikamjibu, mtoni.

Wakamwita mwalimu wao, mama mtu mzima, mwanasheria, mwenye sauti ya mtu aliyeshasikia kila kitu mara mbili. Akanieleza polepole kama anayemweleza mgonjwa. Kwamba maelezo yangu ya kiwanda yameshapelekwa uhamiaji, na sahihi yangu ipo chini. Nikienda kusema habari za mamba, afisa ataweka karatasi mbili pamoja na kuniona mwongo kotekote. Na wao hawawezi kusimama na mtu wanayejua anadanganya; watajitoa, na mimi nitajikuta peke yangu.

Nikasema nimeelewa. Nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Sikuelewa kitu. Wasomi! Wana kisa cha dhahabu mezani, wanataka ngazi. Mamba wanabaki. Nitawatoa siku yenyewe, mbele ya afisa mwenyewe, wakati hakuna mtu wa kumkanyaga mwenzake mguu.

Jumamosi, 14 Machi

Wanafunzi walikuwa na maonyesho ya haki za binadamu ukumbini kwao. Walinialika kama mgeni wa heshima. Nilivaa shati jeupe.

Nilipofika, Mkataba alikuwa anahangaika. Vibarua hawajatokea, meza ziko ghorofa ya pili. Akaniuliza kama naweza kumshikia upande mmoja. Upande mmoja ukawa pande zote mbili. Nimebeba meza kumi na mbili na viti sijui vingapi. Kisha yeye akapanda jukwaani, akazungumza dakika hamsini. Mada: kazi bila ujira.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikula biskuti zote za meza ya mbele. Miwani aliona shati langu lilivyolowa jasho, akaniuliza kulikoni. Nilipomwambia, akaziba mdomo, akaenda kumtafuta Mkataba nyuma ya pazia. Nilisikia sauti yake tu. Ilitosha.

Jumatano, 18 Machi

Mchana wa aibu.

Nimefika chumbani nikamkuta bwana mwenye ndevu za mvi, suti, bendera ndogo mezani. Mkataba akaninong'oneza kwamba leo ndiyo siku yenyewe, afisa ameamua kuja hapahapa. Nikaulizwa jina, nikataja la Fundi Rangi. Nikaulizwa tarehe ya kuzaliwa, nikasema sikumbuki, nilikuwa mdogo. Mamba wote wakanikimbia. Nikalia machozi.

Yule bwana akanipa kitambaa chake, akasema pole sana, yeye ni mtunza maktaba. Huigiza michezo ya jukwaani Jumapili.

Lilikuwa wazo la Mkataba. Amesoma mahali kwamba hofu huzoeleka. Mwalimu wao aliposikia alimtoa nje; kijana akarudi amenywea, akaniomba msamaha bila kutaja kifungu hata kimoja. Miwani akaapa hawatarudia.

Hawatarudia kwangu, hilo nalijua. Sasa nina macho.

Jumatatu, 23 Machi

Miwani amepiga simu nikiwa kazini. Eti ofisi ya uhamiaji imerudisha tarehe nyuma, ni kesho saa tatu asubuhi. Eti safari hii si mazoezi, anaapa kwa mama yake mzazi. Sauti ilitetemeka vizuri kabisa. Anajifunza huyu binti.

Nikamwambia, "Haya mwanangu, nitakuja kucheza." Akasema, "Baba, si mchezo!" Nikamwambia ndiyo, ndiyo, si mchezo.

Nitakwenda nisiwavunje moyo. Wana mtihani wao. Ila mamba hawapati. Kisa kizuri hakichezewi. Nimewawekea wao ngazi.

Jumanne, 24 Machi

Safari hii wamejitahidi. Wamepata jengo zima! Nje foleni ya watu kama sitini, wote wamekunja sura, hata mtoto mchanga wamemkodi analia. Mlangoni mlinzi, sare imemkaa sawasawa. Nikamkonyeza, nikamwambia anaigiza vizuri kuliko mtunza maktaba. Hakucheka. Nikampongeza tena.

Mimi nilikwenda na ovaroli ya kufulia. Nivalie suti mazoezi?

Afisa wao ni msichana mwenye mafua, kikombe hakina mkono, anapenga kamasi kila sentensi. Mtunza maktaba alikuwa na hadhi zaidi. Miwani alikaa pembeni yangu, amekauka kama shuka iliyopita kwenye pasi.

Nilitaka kurudi kazini kabla ya saa sita, kwa hiyo nilijibu upesi. Wakala, kiwanda, kasha la chuma, kufuli. Nikakunja mikono ya ovaroli, nikamwonyesha alama za tanuri. Akauliza nilitokaje, nikamwambia ngazi. Akauliza ngazi gani. Nikaona anajaza muda, nikamsaidia: ya mbao, vidato kumi na moja, cha tano kimefungwa waya, nikaiacha imeegemea kituo cha basi maana niliona haya kuitupa ngazi ya watu. Akaacha kupenga kamasi. Akaandika sana.

Nikamshauri kwamba siku ya kweli afisa atakuwa mkali zaidi, aongeze sauti. Akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema mengine nayahifadhi kwa siku yenyewe. Miwani akapaliwa, akaomba radhi kwamba baba hajalala vizuri.

Nimerudi kazini saa tano na nusu. Safi kabisa.

Jumatano, 25 Machi

Nimepita kuuliza mazoezi mengine lini. Miwani na Mkataba wakatazamana. Miwani akaniketisha, akanishika mkono, akasema yaliyotokea jana ndiyo yenyewe. Ofisi ni ya kweli. Afisa ni wa kweli. Mafua ya kweli.

Kiti kibovu kikavunjika.

Mamba wangu! Bendera yangu! Nimemwambia afisa wa serikali aongeze sauti! Na mbele yake nimeketi zuzu mwenye ngazi, kwa ovaroli! Nikataka kurudi palepale nikaeleze upya. Mkataba akasimama mlangoni, akakataa kutoka. Kijana mrefu kweli yule.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeandika barua ya kurasa sita: Nyongeza ya Mambo Niliyosahau. Mamba wamekuwa tisa. Niliipeleka mwenyewe uhamiaji wakati wa mapumziko ya chakula. Mlinzi ni yuleyule. Akanitambua. Akasema waigizaji hawaruhusiwi kuingia.

Nikamwambia nina barua ya maisha na kifo. Akasema naigiza vizuri. Akanipongeza tena.

Ijumaa, 10 Aprili

Jibu limetoka. Miwani alinipigia, hakuweza kusema, analia. Nikajua nimekwisha. Nikavua ovaroli ili nisipande ndege nayo, nikaenda.

Nimepewa kibali.

Mwalimu wao akanisomea sababu. Tajiri amesema hajawahi kuniona. Lakini siku ileile niliyotoroka, alikwenda polisi kushtaki kwamba nimeiba ngazi yake. Akaandikisha jina langu kamili. Na namba ya pasipoti! Ya pasipoti ya mtu asiyemjua! Miwani alikwenda kituo cha polisi mara nne kuitafuta karatasi hiyo, akafukuzwa mara tatu. Afisa alikuwa nayo kwenye faili siku ile anapenga kamasi. Imeandikwa humo: ya mbao, vidato kumi na moja, kimoja kina waya. Alikuwa anangoja tu kusikia kama nitaitaja kwa kinywa changu.

Mwalimu akaniangalia juu ya miwani yake, akasema ningeanza na mamba, afisa angefunga faili hapohapo. Nikasema ndiyo, mama. Watu wakifurahi huongea mengi.

Nimempigia mke wangu. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Kisha akasema, "Hebu nieleze tena ile ya ngazi." Nikamweleza mara tatu. Kila mara alicheka na kulia pamoja. Mtoto wa mwisho akachukua simu, akauliza kama mimi ni mrefu. Nikajifuta macho. Vumbi la chumba hiki ni baya.

Ila nimedhalilishwa, acha niseme. Miaka minne ya mateso, na kwenye karatasi ya serikali mimi ni mwizi wa ngazi.

Jumamosi, 11 Aprili

Fundi Rangi ameangalia kibali changu, akakigeuza, akakinusa. Kisha ametubu mwenyewe. Kwamba yeye kwenye ombi lake hakutaja damu wala mto. Kampuni yake ilijaza fomu, yeye akatia sahihi tu. Alikuwa ananitania. "Sikujua utaamini kweli, ndugu yangu!" Wivu. Anataka niamini kwamba mambo haya huenda kirahisi hivyo.

Jioni nimepita kwa Miwani kuchukua fomu za kuwaleta mke na watoto. Kurasa mbili. Wanataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Vyote ninavyo, kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, havijakunjika hata pembe. Miwani akanishika bega, akasema safari hii hatuhitaji maneno, ni vyeti tu, tafadhali baba, vyeti tu. Nikamwahidi.

Lakini nimekaa na zile karatasi mezani, nimezitazama. Zimepauka mno. Mtu ana mke, ana watoto, ana vyeti. Nani atamhurumia mtu aliyekamilika hivyo?

Nimeshaanza kuandika. Mke wangu ametekwa, yuko pangoni pamoja na watoto. Mlangoni wamewekwa simba wawili. Nilikuwa nimeweka watatu, nikafuta mmoja. Sitaki kuonekana mwongo.