Kitufe cha Kufuta Vipindi Vyote

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kikao cha mradi wa maji, hapa Mitunguu. Nilifika wa kwanza, kama kawaida. Kailemia akafika wa mwisho, kama kawaida, na watu wakasimama kumsalimia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa naibu wake shuleni. Tumestaafu sote, na bado ananiita Naibu. Mbele za watu!

Habari kubwa: mfereji wetu utawekewa jiwe la jina pale unapotoka mtoni. Runji fundi wa mawe ameshapewa kazi. Jina litakuwa lile litakalosomeka kwenye wiki yetu Jumamosi saa sita mchana.

Wiki ni tovuti ya wanachama. Zamu za maji zimo humo, magonjwa ya migomba yamo, historia ya mfereji imo. Kila mtu anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, anaandika, anafuta cha mwenzake akitaka. Msimamizi ni mimi. Ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa ambacho hakianzi na neno naibu.

Ukurasa wa historia unasema mfereji ulichimbwa na M'Imanyara. M'Imanyara ni nani? Baba yake Kailemia. Na nani aliandika? Kailemia! Aliyechimba ni baba yangu, M'Rukunga. Mama aliniambia kabla hajafa, na mama hakuwa mtu wa porojo. Nikafuta, nikaandika M'Rukunga. Akarudisha. Nikafuta. Akarudisha. Mara kumi na nne mwezi uliopita.

Celina, katibu wetu, akasema leo kwamba wazee wawili wanaaibisha mfereji mzima, na kwamba ataandika yeye, kwa ushahidi. Nikaona mwanya. Nikapendekeza masimulizi ya kusikia yasikubaliwe kabisa. Shahidi awe aliona kwa macho, aseme kwa kinywa chake, asomewe na akubali. Ikapita kwa kauli moja! Nilijua Kailemia hana shahidi. Wote wamezikwa.

Kailemia akainuka polepole, akasema Cucu Felicitas yu hai, yuko Kibirichia kwa mwanawe. Ndiye aliyewapikia wachimbaji. Atateremshwa Alhamisi.

Cucu, yaani bibi, tunamwita sote kwa uzee wake, lakini kwa Kailemia ni shangazi. Ndugu wa tumbo moja na M'Imanyara! Damu nzito kuliko maji. Nimejifunga kamba kwa mikono yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mungu yupo. Nilipitia ofisi ya mradi kuangalia zamu yangu. Kompyuta ni moja, tunaitumia sote. Nikafungua wiki. Juu pembeni imeandikwa: Karibu, Kailemia. Alitia alama pale penye "nikumbuke" akaenda zake bila kutoka!

Sheila, mpwa wangu, anafundisha kompyuta chuoni huko Embu na ndiye aliyetutengenezea wiki. Alishanieleza jambo hili. Tangu unapoingia mpaka unapotoka, mashine inashika data zako na kukujua kwamba wewe ni fulani. Huko kunaitwa kipindi. Ukikiacha kipindi chako wazi, atakayekalia kiti ndiye wewe.

Basi kwa dakika tano nikawa Kailemia. Nikaandika: mimi Kailemia nakiri kwamba nilidanganya, mfereji ni wa M'Rukunga, na mwanawe Koome alistahili kuwa mwalimu mkuu. Hilo la mwisho halikuhitajika. Ndilo nililolifurahia zaidi.

Saa kumi: balaa. Wiki huandika saa ya kila badiliko. Saa tano na dakika kumi. Saa hiyo Kailemia alikuwa mazishini Kianjai, ameshika kipaza sauti, anasoma wasifu wa marehemu mbele ya watu mia nne. Celina akafungua daftari la wageni la ofisi. Saa tano kuna jina moja tu, kwa mwandiko mzuri. Langu. Nilisaini! Ualimu umenifanya nisaini kila daftari linalowekwa mbele yangu.

Celina amerudisha M'Imanyara, na amesema nikirudia nitavuliwa usimamizi. Kailemia hakunigombeza. Alinipa pole. Pole! Afadhali angenipiga kofi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, safi, usio na daftari la wageni. Kwenye ukurasa wa msimamizi kuna mahali pa kupanga muda wa kipindi. Ilikuwa siku thelathini. Nimeweka dakika moja. Kailemia anaandika kwa kidole kimoja. Dakika moja haimtoshi hata kumaliza jina la baba yake. Atatupwa nje, aingie, atupwe nje, achoke, aache. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Saa nne: Mwaniki yuko langoni na jembe begani. Ni mtu wa Embu aliyeoa huku kwetu, mpole siku zote. Leo si mpole. "Mwalimu, hii kitu inanitoa nje kila saa, nitabook maji aje?" Zamu yake imeenda kwa mwingine, nyanya zake zinakauka. Nyuma yake Angeline wa migomba, na nyuma ya Angeline watu wengine sita. Nikawaambia ni mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

Wakaondoka wakinung'unika. Nikakimbilia simu kurudisha zile siku thelathini. Nenosiri langu lina herufi kumi na tisa, nililirefusha kwa ajili ya usalama. Naingia, natafuta ukurasa, natupwa nje. Naingia, naupata ukurasa, natupwa nje. Mara kumi na moja! Mke wangu Mukami akaja kuuliza ninamtukana nani.

Mwishowe nikampigia Sheila. Akarekebisha akiwa huko huko Embu, mdomo umejaa chakula cha mchana. Akanionya: Uncle, pale usipaguse tena. Na hasa kile kitufe cha chini cha kufuta vipindi vyote, hicho ni cha dharura. Kinawatoa watu wote kwa mpigo mmoja, na aliye katikati ya kuandika kitu kirefu bila kuhifadhi anakipoteza chote.

Nikamshukuru sana. Sikuwa najua kwamba kuna kitufe.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu gari limepita na Cucu Felicitas, amefungwa mablanketi kama yuko bado Kibirichia. Kailemia kakaa mbele, kofia kichwani. Sikupunga mkono.

Nimekaa shambani chini ya migomba na simu. Ukurasa wa msimamizi unaonyesha walio ndani ya wiki. Celina yuko ndani. Anaandika. Saa nne, anaandika. Saa tano, bado anaandika. Bibi kizee wa miaka tisini na moja, ana uongo wa saa mbili! Nikawaza: kila neno ni jiwe juu ya kaburi la baba yangu.

Saa tano na dakika arobaini nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena. Kitambo kidogo, kisha ikasema vipindi vyote vimefutwa. Hata mimi ilinitoa, lakini nilikuwa tayari na herufi zangu kumi na tisa.

Saa nane gari limepita likirudi juu. Cucu amelala kitini. Ukurasa wa historia haujabadilika. Bado unasema M'Imanyara, sawa, lakini hauna ushahidi, na kesho nitapinga. Mukami kauliza kwa nini naimba.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandike vipi.

Nilienda ofisini nimevaa koti. Celina alikuwa peke yake, macho mekundu. Nikamuuliza habari za ushahidi, nimeweka uso wa msiba. Akasema uliandikwa wote, kurasa sita. Alipobonyeza kuhifadhi, mashine ikamwambia samahani, data za kipindi chako zimepotea. Akarudi nyuma, akakuta ukurasa mtupu.

Nikauliza kwa nini hakuhifadhi kidogo kidogo, kama watu wenye akili. Akanitazama. Akasema ni kwa sababu yangu. Kila anachohifadhi mimi nakifuta kabla hajameza mate, kwa hiyo aliona amalize kwanza, amsomee Cucu, ndipo ahifadhi mara moja.

Kisha akaniambia Cucu alisema nini.

Alisema M'Rukunga ndiye aliyeanza. Peke yake. Alipima mteremko kwa karai la maji, analiweka chini, anapiga magoti, anatazama maji yameegemea wapi, anachimba hatua tatu, anasogeza karai. Siku arobaini. Watu walikuwa wakipita wakimcheka, wakisema mto haufuati karai la mtu. M'Imanyara alikuja na wenzake baada ya kuona maji yanatembea. Cucu alisema alikuwa akimpelekea baba yangu uji kwa siri, kwa sababu kaka yake angemgombeza. Kailemia alikuwepo. Celina anasema alivua kofia, akamuuliza shangazi yake mara mbili kama ana hakika, kisha akasema basi na iandikwe.

Shangazi mtu! Dada wa M'Imanyara! Nani angejua?

Nikamwambia Celina aandike upya basi, si anakumbuka? Akasema anakumbuka kila neno, lakini yeye amesikia tu. Na kuna mtu alipendekeza masimulizi ya kusikia yasikubaliwe.

Halafu akageuza kompyuta. Wiki huandika pia nani kabonyeza nini. Koome. Saa tano na dakika arobaini. Nikasema ni mtandao.

Nimekaa ukingoni mwa mfereji mpaka miguu ikafa ganzi. Maji yanapita tu. Nilitaka kulia, nikaona Mwaniki anakuja na jembe, nikainuka.

Jumamosi, 8 Machi

Kibirichia, alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Watu wanachimba viazi, nami naingia uani na kilo nne za ndizi mbivu na uso wa toba. Nikampigia Cucu magoti. Nikamwomba aseme tena, hata maneno kumi tu, nitayaandika mwenyewe hapa hapa.

Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema Koome wa M'Rukunga. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema nina paji la uso la baba. Kisha akauliza kama ni kweli ni mimi niliyemwaga maneno yake. Watoto wa siku hizi wana simu, habari zilimfikia kabla yangu. Nikasema ni kitufe. Akasema alikaa na maneno yale miaka sitini akingoja aulizwe, akayateka yote kama maji kwa siku moja, na kama mwana wa M'Rukunga ndiye aliyeyamwaga, yeye hateki tena. Ndizi alizichukua.

Nimefika Mitunguu saa sita na robo. Ukurasa: M'Imanyara. Kikao kifupi. Nimevuliwa usimamizi kwa kura zote. Hata Mwaniki! Lakini wa kunitoa kwenye mfumo ni Sheila, na Sheila yuko harusini Runyenjes mpaka kesho jioni. Atafanya Jumatatu.

Kailemia akaomba Runji asianze kuchonga mpaka kesho saa kumi jioni, maana ana jambo la kuongeza kwenye ukurasa. Wakamkubalia. Wanamkubalia kila kitu! Ameshashinda, na bado anataka kuongeza. Kwani baba yake alichimba na Mto Tana?

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mukami nina homa. Akasema homa hiyo ina miaka arobaini.

Saa saba Celina kapiga simu. Sauti laini, ya kumbembeleza mgonjwa. Kasema: Mwalimu, tafadhali leo wiki usiiguse, mpaka saa kumi tu. Kailemia yuko ofisini anaandika. Kamati imekubali kwamba yeye ndiye mpinzani, kwa hiyo akiandika kwa mkono wake mwenyewe aliyoyasikia kwa Cucu, hayo ni kukiri, si masimulizi ya kusikia. Kasema nitafurahi.

Nitafurahi! Mtu huyo hajawahi kunifurahisha tangu mwaka wa themanini na tatu. Na Celina anamwamini, maskini, ni mtoto, hajui watu. Mtu gani mwenye akili timamu ataandika kwamba baba yake alidandia kazi ya mwingine? Kwenye jiwe, kwa vizazi vyote? Mimi nisingeandika. Hata mbele ya Askofu nisingeandika. Na kama mimi nisingeandika, Kailemia ataandika?

Nimefungua ukurasa wa msimamizi. Bado naingia. Kailemia yuko ndani. Tangu saa nne asubuhi! Saa tatu nzima, kwa kidole kimoja. Kukiri hakuchukui saa tatu. Kukiri ni mstari mmoja. Anayeandika saa tatu anajenga ukuta, anamzika baba yangu mara ya pili, na safari hii kwa utaratibu.

Nikangoja. Sikutaka kumkatiza mapema, aanze upya akiwa na nguvu. Nimemwacha aandike, aandike, kidole kimchoke. Saa tisa u nusu. Saa kumi kasoro dakika tano nimebonyeza. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nimebonyeza tena.

Ukurasa haujabadilika neno. Sasa nasikia patasi ya Runji huko chini mtoni, ameanza. Simu inalia, ni Celina, sipokei. Baba alichimba siku arobaini bila mtu wa kusimama naye. Leo amepata mtu.