Anga ya Lualaba Sasa Iko Chini ya Sheria ya Kijeshi, Asema Mratibu

Wanajeshi wa mkoa wa Lualaba sasa wanaweza kuangusha chochote kinachoruka bila kibali, na mwenye nacho, hata kama ni raia, atahukumiwa kijeshi. Hayo yalisemwa Jumamosi asubuhi Manika, mjini Kolwezi, na Mheshimiwa Donatien Kalenga, Mratibu wa Anga Salama. Mkamatwa wa kwanza ni Gracien Nkulu, mpiga picha za arusi kutoka Dilala, ambaye amekaa siku kumi na nne katika chumba cha walinzi wa Uratibu. Hotuba ni hii, neno kwa neno.

Waheshimiwa wakuu wa mkoa, wawakilishi wa wakuu wa mkoa, wawakilishi wa wawakilishi mliotumwa leo asubuhi bila kuambiwa ni sherehe gani, Meja Mushiya, mwanasheria wa jeshi, ambaye kalamu yake inaogopwa kuliko bunduki yake, baba mapadri na wachungaji, kwa mpangilio mliokubaliana wenyewe, machifu, wakurugenzi wa migodi mlioko hapa na mlioko njiani, madereva wa wakurugenzi, ambao kwa kweli ndio mlioko hapa, mama wa soko, vijana wachimbaji, na ninyi wa taxi-moto, tafadhali zimeni injini. (Injini zinazimwa. Moja inakataa.) Ninyi nyote, kila mtu kwa cheo chake na sifa zake, protokali imezingatiwa!

Leo, siku ambayo wajukuu wetu wataisoma darasani, natangaza rasmi kwamba cadre juridique, yaani mfumo wa sheria, ya kupambana na tishio la droni imepanuliwa. Imepanuliwa kwa upana, imepanuliwa kwa urefu, na kwa kuwa tunazungumzia anga, imepanuliwa kwa kimo pia. (Makofi. Fanfare, bendi ya tarumbeta, inaanza kupiga, inanyamazishwa.) Zamani mwanajeshi akiona droni alifanya nini? Aliitazama. Akichoka, alitazama kwingine. Mikono ilifungwa na sheria, shingo peke yake ndiyo iliyokuwa huru! Kuanzia leo mwanajeshi ana haki ya kuitambua, kuifuata, kuivuruga mawimbi, kuishusha na kuihoji. (Vicheko.) Ndiyo, kuihoji, maana droni ina kumbukumbu kuliko mashahidi wengi ninaowafahamu. Na mwenye nayo, avae magwanda au avae kaptula, atahukumiwa kama mtu aliyekutwa na silaha ya kivita. Miaka ishirini. (Sauti ya mwanamke kutoka mstari wa tatu: “Miaka makumi mbili juu ya arusi?”)

Nitafika hapo, mama. Yote yako kwenye feuille de route, ratiba yetu.

Kwanza takwimu. Tangu Januari, Uratibu wangu umezuia droni mia sita arobaini na mbili. Mtu atauliza: ziko wapi? Ni swali la mtu asiyeelewa kazi ya kuzuia. Droni iliyozuiwa haiji! Mia sita arobaini na mbili hazikuja, na tumezihesabu moja baada ya nyingine, siku za kazi, saa za kazi. (Makofi. Mzee mmoja anainua mkono kuuliza. Mkuu wa protokali anaushusha taratibu.) Kati ya vitisho vyote vya mwaka huu tumedhibiti asilimia mia moja na kumi na nne, na hizo kumi na nne za ziada tunazipeleka mwaka ujao, ili mwaka ujao uanze vizuri. (Kijana mchimbaji aitwaye Muamba anapanda juu ya kiti kumwita Mratibu: “Tata Coordo! Zile droni za makampuni zinatuangalia mu shimo kila siku. Hata unaoga, iko juu yako! Zile pia mutaangusha?” Miluzi, vicheko.) Kijana wangu, asante kwa mchango. Hizo zina cachet. Droni ikishagongwa muhuri, siyo droni tena, ni mwekezaji aliyepanda juu kidogo ili aone vizuri. (Muamba: “Basi na mi munigonge ile cachet, nitaruka!” Uwanja unacheka mpaka padre mmoja anafuta miwani.)

Sasa kesi. Jumamosi, wiki mbili zilizopita, mchana kweupe, droni moja nyeupe ilionekana Dilala juu ya rond-point, mzunguko wa barabara ulio mbele ya ofisi yangu. Chini yake kulikuwa na msafara wa magari kumi na moja, taa zimewashwa mchana, honi zikilia, la kwanza limefunikwa maua ili lisitambulike. Mimi nilikuwa dirishani, nikiwa kazini, na glasi mkononi kwa sababu ya joto. Msafara ule ulizunguka rond-point mara ya kwanza. Nikasema, wamepotea. Ukazunguka mara ya pili. Nikasema, ni wageni. Ukazunguka mara ya tatu, na hapo, mabibi na mabwana, uzoefu wa miaka ishirini na sita katika utumishi ukaniambia: huo ni upelelezi! (Vicheko uwanja mzima. Sauti: “Tata, ni arusi! Arusi yote inazunguka mara tatu!” Sauti nyingine: “We ulizunguka mara ngapi, siku yako?”) Mimi nilioa nikienda moja kwa moja, na bibi yangu yupo hapa kushuhudia. (Bibi yake, kwenye kiti cha mbele, anainua vidole vitatu. Kelele.) Zilikuwa enzi zingine za usalama!

Nitawasomea faili namba moja, ambayo Meja Mushiya anakabidhiwa leo. Mhusika: Gracien Nkulu. Kifaa: chombo cha kuruka chenye panga nne zinazozunguka kwa kasi. Mwenendo: alipoulizwa anafanya nini, alijibu “ninapiga picha,” neno ambalo ndani yake, wataalamu wangu wamebaini, kuna kupiga. Washirika: mwanaume mmoja aliyevaa suti na mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeupe, ambao wote wawili wamekiri kuoana. (Mwanamke wa mstari wa tatu anasimama. “Mi njo bibi ya Gracien. Mi Mignonne. Siku kumi na ine ninamupelekea bukari ya kula ku dirisha. Ile haiko bombe, tata, ni camera! Ile sheria yenyewe iko wapi, tuisome?” Watu: “Tuisome!”) Mama Mignonne, bukari yako inafika salama, walinzi wanaithibitisha kwanza. (Walinzi wawili wanaangalia viatu vyao.) Na sheria ipo. Ipo katika hatua. Huwezi kuisoma sheria iliyo katika hatua, kama vile huwezi kula mkate ulio ndani ya tanuru, utajichoma, mama, na mimi siwezi kukubali uungue. (Mignonne: “Bwana yangu ndiye anaungua!” Hakai.)

Tuendelee. Mitambo yetu ni ya kisasa, na wakati wowote, nasema wakati wowote… (Mngurumo mwembamba. Droni nyeupe inatokea juu ya hema la wageni.) Adui! Walinzi! Kwa mamlaka yaliyopanuliwa leo! (Watu wengine wanaingia chini ya viti, wengine wanasimama na kupunga mikono. Walinzi wanatoa filimbi, ndizo walizo nazo, wanapuliza. Mkuu wa protokali anakimbia jukwaani, ananong’ona.) Ngojeni. Acheni filimbi! Nimearifiwa kwamba hii ni yetu. Protokali ilihitaji picha za sherehe kutoka juu. Na nimearifiwa pia kwamba ofisi yetu ilitafuta Kolwezi nzima mtu wa kuirusha ikampata mmoja tu, na tayari tulikuwa naye. (Pembeni ya fanfare, kati ya walinzi wawili, Gracien Nkulu anainua kidole gumba kutoka kwenye kidhibiti chake. Kishindo cha vicheko, vigelegele, ngoma ya fanfare inajipigia yenyewe.) Mshtakiwa ametolewa asubuhi kwa ordre de mission, hati ya kazi, yenye cachet, na atarudishwa chumbani mchana. Meja, naona unaandika. Ndiyo, chombo hicho ndicho kielelezo. Kielelezo kiko kazini. Gracien, njoo upande wa kushoto, tafadhali. Kushoto ndiko ninakoonekana mwembamba. (Droni inahamia kushoto. Makofi marefu kuliko yote ya leo.)

Nahitimisha. Anga yetu! (“Yetu!”) Mawingu yetu! (“Yetu!”) Droni isiyo na cachet! (“Chini!” Muamba: “Na mutu asiye na cachet?”) Lualaba, macho juu! (“Juu!”)

Nimebakiwa na shukrani. Namshukuru seremala wa Dilala aliyetuchongea rada hii mnayoiona nyuma yangu, kwa mbao, wakati tunafikiria kuagiza ya chuma. Nakishukuru kikosi cha kuzuia droni, ambacho kitaundwa. Nakishukuru kituo chetu cha ulinzi wa anga, ambacho kiwanja chake kitatafutwa. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Adèle, katibu wangu, atakayeipiga sheria hii kwa mashine mara tu umeme utakaporudi na mara tu mimi nitakapomaliza kuifikiria.

(Meja Mushiya anasimama. “Mheshimiwa Mratibu, sheria hii ina namba?”)

Itapata namba, Meja.

(“Ina sahihi?”)

Ina nafasi ya sahihi. Nafasi kubwa.

(“Basi faili hii haina sheria. Na hata sheria ikiandikwa kesho, haiwezi kumkamata mtu wiki mbili kabla ya kuandikwa. Siwezi kumpokea raia kwa sheria iliyo kichwani mwa mtu. Mwachieni huyu bwana, aende nyumbani. Na mumpe kifaa chake.” Meja anafunga faili na kuiweka juu ya kiti. Mignonne anaruka mstari wa pili na wa kwanza. Walinzi wanasogea wenyewe.)

Naam! Naam! Ndivyo mradi ulivyopangwa! Andikeni, waandishi: mkamatwa mmoja, aliyeachiwa mmoja, asilimia mia moja! Ni mkoa gani mwingine katika nchi hii una takwimu kama hiyo? Ndugu Gracien atafika ofisini kwangu Jumanne, saa tatu asubuhi, na picha mbili za pasipoti, ili apewe cheti cha kuachiwa, maana hatuwezi kumwacha mtu huru bila karatasi. Mama Mignonne, utamkumbusha. Mama Mignonne? (Sauti: “Bameenda, tata! Bamepanda taxi-moto, bote wawili!” Viti vinaanza kubebwa.) Basi nani anakaa jirani nao, awaambie. Jumanne, saa tatu kamili. Na kama kuna mtu ana nakala ya sheria yoyote ya anga, hata ya nchi nyingine, aje nayo. Mama Adèle atakuwepo, na karatasi nyeupe zipo.