Kadi za Vizimba vya Panya

Jumatatu, 4 Machi
Amekuja! Mtafiti wa damu. Dakika kumi na mbili tu. Miaka sita natunza panya wa maabara hii, sijawahi kuwaonea wivu mpaka leo: kamshika kila mmoja mkia, kachukua tone la damu. Nikamuuliza sindano zake zina nini, ili akae kidogo. Akasema ni homoni ya kwenye figo. Huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Kizimba cha tatu wanapata homoni, cha nne maji ya chumvi matupu. Sauti ile! Kisha, "Asante, kaka." Kaka! Nimefagia chumba mara mbili kwa uchungu. Harudi mpaka Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi
Siku haziendi. Mama anasema nimekonda, huenda nimepungukiwa damu. Sikumbishia. Mpango: nikibadilishanisha kadi za vizimba hivyo viwili, majibu yatamshangaza, itabidi apime upya. Atakuja kila siku! Nimebadilisha.

Ijumaa, 8 Machi
Maji ya chumvi yameongeza damu! Kashika kichwa. Kapima tena. Saa nne nzima humu ndani, kiwiko chake karibu na changu. Raha! Halafu akamwita fundi wa mashine ya kuhesabu chembe, yule wa miwani na meno mengi, aje aikague. Wamecheka pamoja. Chumbani kwangu!

Jumatatu, 11 Machi
Fundi kaleta viti. Viwili! Mimi wima na ufagio. Mchana nimemkuta mtafiti yuko peke yake, analia. Anasema miaka mitatu ya kazi imekwenda na maji, labda yeye ndiye hajui kazi. Roho iliniuma sana. Nikakiri kwamba kadi nilizibadilisha mimi. Akafuta machozi. Halafu, taratibu: "Kwa nini, kaka?" Nikasema macho yangu hayaoni vizuri.

Jumanne, 12 Machi
Hakunishtaki. Kaniombea kwa fundi miwani yake ya zamani! Nimeivaa, naona ukungu. Anaanza upya na panya wapya, wiki tatu. Kadi basi, kila panya atatiwa alama ya wino mkiani. Nimeapa kutogusa chochote.

Saa tisa alasiri nimeujaribu ule wino kwa pamba yenye maji. Unafutika.