Bwana Harusi Aliyeandikwa Ng'ombe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ameomba radhi. Mwakilishi wake, ambaye yuko njiani. Mwakilishi wa mwakilishi, ambaye tuko naye hapa. Waheshimiwa madiwani, machifu, wachungaji, kina mama wa vikundi, stakeholders wa kila rika, na nyinyi wananchi wa Kitengela mliosimama kwa sababu viti vimekaliwa na itifaki, nawasalimu kwa Kimaasai: sopa! (Watu: Epa!)

Mimi Mwololo, Mratibu Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu Unganifu, nasimama mbele yenu mwaka huu wa elfu mbili na nne kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nimesifiwa hata nje ya wilaya, ili niwaelezee kinaganaga mafanikio ya Mradi wa Kurekebisha Mfumo wa Mafaili, ambao nimeusimamia kwa asilimia mia moja na ushee. (Makofi machache, kutoka kwenye viti.)

Mtakumbuka kwamba ni mimi niliyebuni wazo la kuweka mafaili ya watu na mafaili ya mifugo katika kompyuta moja, kwa minajili ya kubana matumizi. Sistemu ilienda vizuri mpaka Bwana Gakuru, yule wa duka la mabati hapa stejini pa matatu, alipotaka kumuoa Bi Nzembi, binti ya Mzee Muteti wa Gataka, msichana aliyesomea kompyuta chuo kikuu. Kanisa likamtaka Gakuru alete barua ya kuonyesha kwamba hana mke mwingine. Alikuja ofisini kwetu, akahudumiwa kwa tabasamu, na barua ikatoka yenye muhuri wangu, ikisema Gakuru Ngigi ni mtamba mwenye mabaka, amechanjwa dhidi ya ugonjwa wa midomo na kwato, na ana mimba. (Kicheko.)

Msicheke, kwa sababu mama ya Nzembi, Mama Kathini, hakucheka. Binti yake mkubwa, Mutheu, alikuwa ameolewa na mwanamume mpole wa maneno, halafu ikajulikana ana mke na watoto kule Ewuaso Kedong. Kwa hiyo Mama Kathini aliisoma barua ile pole pole, akairudisha mezani, akasema hajui kompyuta lakini anajua karatasi isiyoeleweka, na kwamba hakuna harusi mpaka atakapoona karatasi inayosema ukweli kuhusu huyo kijana. Mzee Ngigi, baba ya Gakuru, aliposikia mtoto wake anashukiwa, naye akasema basi, familia yake haitabembeleza mtu. Gakuru alifunga duka. Vijana wa stejini walikuwa wakimlilia kama ndama kila akipita, na mtu aliyemwona wakati huo anasema alikuwa amekonda.

Na upande wa mifugo, ndugu zangu, hali haikuwa nzuri. Mzee Koinet alileta mtamba wake sokoni, na afisa wangu akamwarifu, kulingana na faili, ambalo lilikuwa limeangukiwa na la kijana mwingine, kwamba mnyama huyo ni kapera, muumini, na hawezi kuondoka bila ridhaa ya wazazi wake. Mzee Koinet alirudi nyumbani na ng'ombe wake.

Hapo ndipo Bi Nzembi alipoingia ofisini mwangu. Aliitazama kompyuta, akaniambia, "Diski yenu inapeana nafasi moja kwa mafaili mawili. Programu inaangalia kama nafasi iko wazi, lakini inachelewa kuandika kwamba imechukuliwa. Faili la pili linaingia juu ya la kwanza." Nilimjibu kwamba hapa Kitengela hata ploti zinauzwa hivyo, na hakuna aliyeilaumu kompyuta. (Kicheko, kisha manung'uniko marefu.)

Akaomba aone maandishi ya ndani ya programu, ambayo wataalamu wanaita kodi; tulieni, hii si ya kulipa. Nikamfafanulia kwa upole kwamba jambo la aina hiyo linahitaji kamati, semina ya capacity building, safari ya mafunzo Mombasa, na baadaye kabisa implementation. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bwana Mwololo," akasema, "mimi nataka kuolewa na huyu mtu. Nipe hicho kiti."

Nikampa, kwa kuwa kiongozi bora hujua kuachia nafasi, na pia gari la Mombasa lilikuwa limefika. (Makofi. Mtu nyuma: "Sema ukweli!")

Niliporudi kutoka Mombasa, nikiwa na uzoefu mwingi, nilikuta kosa halipo. Bi Nzembi alikuwa ameandika upya mistari ile, sasa programu inatia alama kwenye nafasi kabla ya kuipeana. Habari za Gakuru zilikuwa zimefutika kabisa, kwa hiyo aliitwa akaandikwa upya, amesimama pale dirishani na Mzee Ngigi pembeni, akijibu kila swali. Mama Kathini alikuja mwenyewe. Aliomba afunguliwe faili la Gakuru, halafu la yule ng'ombe wa barua, halafu la Gakuru tena. Akaichukua ile barua mpya, akaisoma mpaka kwenye muhuri, akaikunja akaitia kwenye mkoba, akamwambia Mzee Ngigi kwamba sasa wanaweza kuongea juu ya tarehe. Gakuru aligeuka akatazama ukutani, na Nzembi akaenda akasimama karibu naye. Walioana mwezi uliopita. Nilialikwa, nikaketishwa karibu na jenereta, na nikamwona Mama Kathini akicheza.

Kwa hiyo semeni nami: Mafaili! (Yakae!) Kila mtu! (Na lake!) Mwololo! (Kimya. Mtu mmoja anakohoa.)

Nawashukuru nyote mliokuja kushuhudia kufungwa rasmi kwa mradi huu, ambao kwa sababu ya haraka ya Bi Nzembi haukupata kufunguliwa, hauna ofisi, hauna mfanyakazi, na haukuwahi kuwapo. Wageni wetu wafadhili wanaingia sasa hivi, tusimame wima tupige picha na kibao cha mradi. Tafadhali msikiguse, rangi haijakauka.