Malori ya Umeme Yasiyohema Mlimani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Endelevu ya Uratibu wa Mipando na Miteremko, ndugu mwenye kiwanda cha mikate, uliyetuazima ghala lako la unga hapa kileleni, mama zangu na baba zangu madereva wa malori, wapakizi, mafundi wa breki, na wewe ndugu uliyesinzia juu ya gunia pale nyuma, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Aliyesinzia anaamshwa kwa kiwiko.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu nikiwa mwingi wa furaha na mwingi wa vumbi la unga, kuzindua rasmi, kwa maana ya kuzindua, Mpango Mkakati Jumuishi wa Malori ya Umeme kwa Njia za Milimani, mpango ambao fizibiliti stadi yake, niliyoiandika mwenyewe na kuipitisha mwenyewe kwa kauli moja, imeonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya madereva wataufurahia, wakiwemo wale ambao bado hawajazaliwa. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni data.

Tatizo tunalijua. Yupo dada yetu hapa, dereva mnayemwita Mama Hendibreki. Mwezi uliopita alikuwa anapanda na tani tatu za unga, na pale kona ya tatu lori lake la dizeli likakohoa, likazima, likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye vibanda vya watu, naye kwa ustadi ambao ofisi yangu inajivunia, ingawa haikumfundisha, akakata usukani likaenda kuegemea rundo la mchanga wa ujenzi. Hakuna aliyeumia. (Mama Hendibreki: "Magoti yangu mpaka leo yanatetemeka.") Magoti hayo, ndugu zangu, ndiyo stekiholda wetu namba moja! (Makofi.)

Ndipo tukafanya majaribio. Lori la umeme likapanda mlima kwa sekunde tisa, bila moshi, bila kelele, bila kuhema, na lilipofika juu halikuwa hata na jasho. (Mama Hendibreki: "Sekunde tisa? Mimi mlima huu unanila dakika arobaini!") Hayo sasa ndiyo maendeleo, dada yangu.

Si hivyo tu. Wataalamu wanasema lori la umeme likiteremka, uzito wake wenyewe unarudisha chaji kwenye betri. Nilipolisikia hilo sikulala, niliita kikao cha dharura, na katika kujenga uwezo na kuoanisha implementesheni, tumeelekeza kwamba njia zote za kusambazia bidhaa ziwe za kuteremka tu. (Minong'ono. Mzee mmoja, dereva wa maziwa: "Na kupanda je, mwanangu?") Mzee wangu, kupanda kumeundiwa kamati ndogo.

(Mama Hendibreki anasimama. "Mheshimiwa, mimi sipingi umeme. Moshi umenichosha, breki kuungua kumenichosha. Nataka jibu moja tu. Nikiwa na tani tatu mgongoni, chaji ikaniishia kona ya tatu, lori litasimama au litanirudisha nyuma?")

Swali zuri. Zuri mno, kiasi kwamba kulijibu ni kuliharibu. Tulichukue kama lilivyo.

Kwa msingi huo, kuanzia Jumatatu, lori lolote la dizeli ni marufuku kupanda mlima huu. (Makelele. Mwenye kiwanda: "Unga wangu utapanda na nini? Wodi ya wazazi hapo jirani inakula mikate yangu kila asubuhi!") Utapanda kwa matumaini, ndugu yangu, na matumaini hayana foleni. Umeme oyee! (Sauti moja: "Oyee." Ni ya katibu wa Mheshimiwa.) Betri juu! Mlima chini! Dizeli ziii!

Kwa kuhitimisha, namshukuru kwa dhati fundi seremala aliyetuchongea lori la majaribio, lenye urefu wa dhiraa moja na magurudumu ya vifuniko vya chupa. Namshukuru mke wangu kwa kutuachia ubao wake wa kupigia pasi, uliosimama badala ya mlima. Na nawashukuru watengenezaji wa malori halisi ya umeme popote walipo, ambao hatujawahi kuwaandikia hata barua, maana karatasi zote ziliishia kwenye hotuba hii. (Mzee wa maziwa anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena.)

Aidha, gari langu la ofisi limegoma njiani asubuhi, nimefika hapa kwa miguu. Katazo linaanza Jumatatu na leo ni Ijumaa, kwa hiyo naomba dereva yeyote mwenye dizeli anishushe.

(Mama Hendibreki: "Nitakushusha, Mheshimiwa. Utakaa nyuma, kwenye magunia matupu. Lakini injini haiwaki mpaka ulifute hilo katazo hapa hapa, watu wote wakisikia." Madereva wanasogea mlangoni, wanasubiri.)

Ndugu wananchi, nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba katazo la malori ya dizeli limetekelezwa kwa mafanikio makubwa, na limekamilika siku tatu kabla ya kuanza. (Vigelegele. Makofi marefu, ya kwanza ya kweli.) Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dada, nishikie faili, nipande.