Mguu wa Jikke na Mradi wa Baiskeli za Kulalia

(Hotuba ya Bwana Wiebe Hoogland, Makamu wa Mkuu wa Idara ya Alama za Barabarani, aliyoitoa juu ya kreti la bia, katikati ya duara la viti, siku ya kuzaliwa ya mama mkwe wake, kijijini Friesland.)

Mheshimiwa Mama Mkwe Beitske, mzaliwa wa leo na mmiliki wa keki; mheshimiwa mke wangu Marrit, Waziri wa Kudumu wa Nyumba na Kamba za Nguo; mheshimiwa jirani Oene, mwenye mashine ya kuchomelea chuma niliyoiazima na bado naitafakari (Oene: "Irudishe basi, Wiebe."), wanangu wapendwa Jikke na Hessel, na ninyi ndugu wadau, ambao mmeshapeana mikono na kupongezana mmoja mmoja kwa kuzaliwa kwa mtu mwingine: itifaki imezingatiwa.

Nimesimama kutoa taarifa ya utekelezaji wa Mradi Shirikishi wa Baiskeli za Kulalia kwa Watoto, utakaowawezesha wanangu kwenda shule chali, mgongo kitini, miguu mbele, wakipenya chini ya upepo wa mbisho badala ya kugombana nao kama tulivyogombana sisi hadi mabega yakaharibika. (Makofi ya mtu mmoja. Ni msemaji mwenyewe.) Kama mjuavyo, Jumatatu Jikke anaanza sekondari mjini, safari ndefu kando ya tuta la kuzuia bahari, na kwenye baiskeli yake ya zamani magoti yanagonga usukani. (Jikke: "Baba, itakuwa tayari Jumatatu?") Swali zuri sana. Maswali mazuri yatajibiwa mwishoni.

Ninayo furaha kutangaza kwamba mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nne, ukiondoa fremu, magurudumu, viti na minyororo. (Marrit: "Kwa hiyo kimebaki nini, bendera?") Bendera imeshapitishwa, Mheshimiwa, ni ya rangi ya chungwa.

Wanaobeza hawaijui kazi yenyewe. Baiskeli ya kulalia haikatwi kwa kukisia. Mtoto huketi sakafuni peku, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, akapimwa kutoka ukutani hadi kisigino, maana bomba likishakatwa fupi, ndiyo basi tena. Kila mwaka idara imepima, na kila mwaka, kabla wino wa mchoro haujakauka, mguu ulikuwa umesonga mbele bila kuwasilisha taarifa, nasi tukalazimika kurudia upembuzi yakinifu tangu mwanzo. Mwaka huu mguu wa Jikke umeupita hata wangu kwa upana wa kidole, jambo tunalolichukulia kwa uzito mkubwa. (Mama Mkwe: "Mtoto anakua, Wiebe. Ulitaka asimame akusubiri?") Hoja imepokelewa, Mama.

Wapo wenye nia mbaya wanaouliza mbona mimi ninayo. Ni kweli, ile nyekundu iliyoegemea uzio niliinunua ikiwa kamili, lakini kwa ajili ya utafiti. (Jikke anasimama. "Baba, spana ya kusogezea kiti iko wapi?" Msemaji anaitoa mfukoni na kumpa.) Mnaona? Huo ndio ushirikishwaji wa vijana. Nenda mwanangu, ukavizoee vifaa. (Jikke anatoka. Mama Mkwe anacheka peke yake na kumwekea kipande cha keki pembeni.)

Nikihitimisha, naahidi taa mbele na nyuma, kioo cha kuonea trekta, na mahali pa kuwekea mkate wa jibini. Nikisema "Chali!" mnaitikia "Miguu mbele!" Chali! (Oene anaomba haradali.)

Nawashukuru wote. Namshukuru Hessel kwa kukaa ukutani peku hadi akapata mafua. Nalishukuru pia bomba la chuma, mali pekee ya mradi, ambalo tangu liliponunuliwa linashikilia kamba ya nguo za Marrit. Nashukuru hata... samahani, nani huyo anapita kwenye tuta na baiskeli yangu?

(Wageni wote wanageukia dirishani. Mama Mkwe: "Ni mwanao. Amechoka kupimwa.")

Ni yeye kweli. Kiti kimemkaa sawasawa. Anakwenda dhidi ya upepo na wala hageuki nyuma. Anapendeza, jamani.

(Hessel anakwenda ukutani, anavua soksi na kunyoosha miguu. "Nipime, Baba, kabla mguu haujasonga.")

Hapana, mwanangu, vaa soksi. Leo hatupimi, leo tunakata. Oene, njoo unishikie mashine. Marrit, nahitaji lile bomba sasa hivi.

(Marrit: "Nguo bado mbichi.")

Basi, ndugu wadau, kikao kinaahirishwa hadi nguo zikauke.

(Nje, mvua inaanza kunyesha.)