Kipanya Kilichonigombanisha na Mama Mkwe

Ndugu Afisa Ugavi,

Kuhusu: Kipanya cha kompyuta yangu

Kwa heshima zote, mimi karani wa vyeti vya kuzaliwa, chumba namba nne, nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Siku ulipopita na boksi la vipanya vipya, ulinipa kimoja kinachotosha kiganja cha mtoto wa chekechea. Nilipouliza kama kuna kikubwa, ulinijibu, "Dada, mkono ni mkono." Nikakipokea. Nilianza kuumia mkono wiki hiyohiyo.

2. Jumamosi mama mkwe alikuja kututembelea. Akaninyooshea mikono yote miwili, nami kwa maumivu nikarudi nyuma. Akasema, "Kumbe siku hizi hata kunishika unaona kinyaa!" Kikaitwa kikao cha familia. Nikajitetea kwamba ni kipanya. Wifi akauliza panya wameingia lini humu ndani, na mjadala mzima ukahamia kwenye usafi wangu.

3. Nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji alinijaribisha vipanya vitano. Cha mwisho kilikuwa cha kusimama wima: unakishika kama unayemsalimia mtu unayempenda. Nilijisikia nimepona palepale. Nilipokuletea ombi, uliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni anasa."

4. Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya: ninunuliwe kipanya kile, au ofisi imwandikie mama mkwe barua yenye mhuri, ikikiri kosa, au, yote yakishindikana, uje wewe mwenyewe kwenye kikao cha pili, Jumapili saa nne asubuhi, ukae kwenye kiti changu na ujibu maswali ya wifi kuhusu panya.

Mume wangu ndiye anayeosha vyombo tangu wiki iliyopita, na jicho analonitazama nalo si la huruma. Usilichukulie jambo hili kimzaha. Ndoa ya watu imo mikononi mwako.

Nisalimie wote wa stoo, hasa yule mama wa mafaili, na umwambie nimesikia amepata mjukuu.

Wako katika utumishi na maumivu,
Karani, Chumba Namba Nne

N.B. Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Ameniuliza kipanya nakishika kwa mkono gani, nikasema wa kulia. Akauliza unaouma ni upi, nikasema wa kushoto. Akauliza huo wa kushoto unashinda ukifanya nini. Nikaiweka mezani kwanza simu iliyokuwa katika mkono huohuo, ndipo nikamjibu kwamba sijui. Barua nimeshaigonga mhuri, hivyo naomba iendelee kushughulikiwa.